Fizibli Tatu Katika Mufuko

Leo ukurasa wetu wa usalama na afya unataka kusema juu ya kazi moja ambayo watu wengi hawaioni. Muchimba mawe munamujua, kwa sababu anarudi jioni na vumbi hata katika nyusi. Dereva wa lori kubwa munamujua pia. Lakini fundi wa kutunza umeme kiwandani, watu husema: "Yule anatembea tu na turnevisi katika mufuko." Si uongo kabisa. Siku yake nzuri ni ile ambayo hakuna kitu kimetokea: pompi zinavuta, mikanda inabeba mawe, taa zinawaka, na hakuna mutu anayeuliza jina lake.

Mimi nimefanya kazi hiyo miaka mingi, kwanza kama fundi, kisha kama injenieri wa matengenezo ya umeme. Wakubwa wa gazeti waliniomba niandike juu ya hatari za umeme. Ningeweza kuandika orodha ya amri, lakini orodha ziko zimebandikwa ukutani katika kila kabine, na ninajua ni watu wangapi wanasimama kuzisoma. Basi nitasimulia juu ya kosa langu mwenyewe. Kiwanda sitakitaja, wala watu.

Umeme katika inchi yetu ya shaba ni jambo la zamani. Kiwanda cha Shituru, kule Likasi, kilianza kutoa shaba kwa nguvu ya umeme katika mwaka wa 1929, na mwaka uliofuata maji ya Lufira yakaanza kuzungusha mitambo ya Mwadingusha. Katika miaka ya 1950 zikaja Koni, Nzilo na Nseke. Luilu, kule Kolwezi, ilianza mwaka wa 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waya kutoka Inga ukafika Kolwezi, safari ya kilometa karibu 1,700. Kwenye laini kubwa umeme unatembea kwa volti 120,000 au 220,000. Unapofika kiwandani, matransfo yanaupunguza, mara moja, mara mbili, mpaka volti 380 za motere na 220 za taa. Mutu akisikia "laki mbili na elfu ishirini" anaogopa, anakaa mbali. Akisikia "mia mbili na ishirini" anasema: hiyo ni ya nyumbani, tumezoea. Kati ya watu niliowaona wakiumia na umeme, wengi waliumia na ile ya nyumbani.

Ilikuwa posti ya usiku, mwezi wa kwanza, wakati wa mvua. Kiwanda kilikuwa cha kusaga mawe na kuyaosha. Pompi moja, ile inayosukuma matope ya mawe yaliyosagwa, ilikuwa inasimama yenyewe kila baada ya nusu saa. Nilikwenda na musaidizi wangu, kijana aliyekuwa amefunga ndoa mwaka ule. Niliingia katika kabine, nikafungua dijontere ya pompi ile, nikatoa fizibli tatu, nikazitia katika mufuko wa salopeti yangu. Wazee walitufundisha hivyo: fizibli zikiwa katika mufuko wako, nani ataweza kuwasha? Sikutundika kibao. Sikuandika katika buku la posti. Kazi ilikuwa ya dakika ishirini tu.

Tulifungua kisanduku cha motere, tukachomoa nyaya tatu, tukapima motere kwa mega ili kujua kama umeme unavuja ndani. Motere ilikuwa nzima. Nikamwambia kijana: "Rudisha nyaya, kaza vizuri, mimi ninakwenda atelie kuchukua tepu." Nikaondoka.

Sasa fuateni vizuri, kwa sababu hapa hakuna mutu mubaya. Shefu wa uzalishaji aliona matope yanapanda katika tanki, karibu kumwagika. Akapiga simu kwa fundi mwingine wa umeme, aliyekuwa upande wa pili wa kiwanda: "Pompi ile haina moto, nenda uangalie." Fundi akafika katika kabine, akakuta nafasi za fizibli ziko wazi. Hakuna kibao, hakuna neno katika buku. Akafikiri zimeungua na mutu amezitoa, au zimeibiwa, jambo ambalo lilikuwa linatokea. Katika kabati kulikuwa na fizibli mpya. Akatia tatu, akafunga dijontere, akapiga simu: "Tayari." Kule juu mutu akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Kijana wangu alikuwa amekwisha kukaza waya wa kwanza. Wa pili ulikuwa katika mukono wake, mgongo ukiegemea chuma cha pompi, mabuti ndani ya maji.

Watu wanafikiri mutu aliyeshikwa na umeme anapiga kelele. Yeye hakupiga kelele. Niliporudi nilimuona amesimama wima, meno yamekazana, macho yananitazama, na sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilinyosha mukono kumushika bega nimuvute. Muzee anayelinda pompi alinipiga kwenye mukono na muti wa fagio, nguvu sana, akalia: "Acha! Usimuguse!" Kisha akarukia kitufe chekundu cha kusimamisha. Kijana akaanguka kama mufuko wa unga.

Hakuwa anapumua. Mimi, mwenye cheti cha umeme, nilisimama nikitetemeka. Muzee yule, ambaye hakuwa na cheti cha kitu chochote lakini alikuwa amefuata masomo ya musaada wa kwanza, alimulaza chali, akarudisha kichwa chake nyuma, akafunga pua yake, akamupulizia hewa mudomoni. Mara moja, mara mbili, mara nyingi, sikuhesabu. Halafu kijana akakohoa.

Alibaki hai. Mukono wa kulia uliungua mpaka ndani, na baada ya siku chache waganga walikata vidole viwili.

Asubuhi bibi yake alifika lopitali na uji katika chupa ya moto. Alikuwa na mimba. Hakulia. Alinisalimu kwa heshima, kisha akauliza: "Baba, wewe ndiye mukubwa wake. Ulikuwa wapi?" Nikamujibu: "Nilikwenda kuchukua tepu." Alingoja kama niko na neno lingine la kuongeza. Sikuwa nalo.

Katika biro ya shefu, walipotuuliza, niliweka fizibli tatu mezani. Fundi mwenzangu alizitazama muda murefu. Hakunitukana, na ningependa zaidi kama angenitukana. Yeye alikuwa amefanya kila kitu kama alivyofundishwa.

Mutauliza: kwa nini volti 220 ziweze kumushika kijana mwenye nguvu hivyo? Kinachoua ni umeme unaopita katika mwili, nao tunaupima kwa miliampere, yaani sehemu ya elfu ya ampere. Miliampere moja, unasikia kama mchwa anatembea. Karibu kumi, misuli ya mukono inajikunja yenyewe na huwezi kuachia. Kadiri unavyotaka kufungua vidole, vinakaza zaidi. Ukipita 30, kifua kinaweza kushindwa kuvuta hewa, na moyo unaweza kuanza kutetemeka bila kusukuma damu. Ngozi kavu inazuia umeme kwa sehemu. Ngozi yenye jasho au maji, mwili unabaki na omu 1,000 tu au karibu. Gawanya 220 kwa 1,000: unapata miliampere 220. Taa ya wati 60 inakula zaidi ya hapo. Basi kipimo ambacho hakitoshi kuwasha taa vizuri kinatosha kusimamisha baba wa nyumba.

Na hapo munaona pia kwa nini fizibli haiwezi kumuokoa mutu. Fizibli ya ampere kumi inangoja ampere nyingi zaidi ndipo iungue. Iliwekwa kulinda waya usiwake moto. Kitu kinachomulinda mutu ni dijontere ya diferansieli ya miliampere 30, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribu. Inaangalia kama umeme wote uliotoka umerudi. Ukikosekana kidogo, kwa sababu unapita katika mwili wa mutu kwenda katika udongo, inakata mara moja. Kama munayo nyumbani, bonyezeni kitufe kile kila mwezi. Isipokata, haifanyi kazi.

Sehemu hii inayofuata ninaomba mama waisome kwa watoto. Mutu akishikwa na umeme nyumbani, usimuguse. Kata umeme kwanza, kwenye dijontere au kwa kuchomoa plagi. Kama huwezi, simama juu ya kitu kikavu, ubao au mupira, umusukume kutoka kwa waya na muti mukavu. Lakini waya wa laini kubwa ukianguka chini, musikaribie hata kidogo, kaeni mbali meta kumi au zaidi, kwa sababu umeme unatembea katika udongo wenyewe na utakupandia miguuni. Huko muti mukavu si kitu. Iteni watu wa umeme, na muzuie watoto.

Akiisha kuachiliwa, muangalieni. Hapumui, au anapumua kwa kukwama kama samaki nje ya maji? Tuma mutu kuita musaada, na wewe anza mara moja. Weka mikono miwili, moja juu ya mwingine, katikati ya kifua chake, ukandamize kwa nguvu, chini sentimeta tano, mara 100 mpaka 120 kwa dakika moja. Aliyefundishwa atoe pumzi mbili baada ya kila mikandamizo 30. Asiyefundishwa akandamize tu, asisimame. Katika siku zetu tulifundishwa hasa kupuliza hewa. Leo waganga wanasisitiza kifua, kwa sababu mara nyingi ni moyo uliosimama. Kumumwagia maji, au kumufunika na udongo, hakusaidii moyo, na kunapoteza dakika alizo nazo.

Naye aliyeshtuka na kusema "mimi si kitu, niko muzima"? Apelekwe kumuona muganga. Moyo unaweza kusumbuka baadaye. Umeme unaunguza ndani, kwenye njia yake, na juu ya ngozi munaona alama ndogo tu pa kuingilia na pa kutokea. Mukojo ukigeuka rangi ya chai nzito, ni misuli iliyoungua inayoziba figo. Hapo hakuna kungoja kesho.

Juu ya nyumba zetu nina maneno machache, lakini nimeyaona kwa macho. Fizibli iliyoungua na kubadilishwa na waya wa shaba uliokunjwa mara tatu: haitakata kamwe, itawasha nyumba. Waya uliounganishwa na kufungwa na mufuko wa plastiki, ukipita juu ya mabati: mvua ya kwanza, nyumba nzima inakuwa waya. Kamba ya chuma ya kuanikia nguo, iliyofungwa kwenye mabati yale: mama anakuja na nguo za maji na miguu bila viatu. Resho inayoguswa na sufuria yenye maji huku plagi iko ndani. Na vijana wanaochoma nyaya nyuma ya nyumba ili kutoa shaba: moshi ule mweusi ni sumu, nao unaingia katika kifua cha mutoto anayelala karibu.

Tena kuna wale wanaokata waya wa udongo, ule wa shaba unaoshuka kutoka kwenye transfo au mashine kuingia chini. Wanasema hauna moto, basi haumuumizi mutu. Ni kweli hauna moto siku zote. Lakini siku umeme unapovuja katika chuma cha mashine, waya ule ndio njia yake ya kwenda. Ukiibiwa, njia inayobaki ni mutu wa kwanza atakayegusa chuma kile. Pengine ni kaka ya mwizi. Mimi ninawaomba mafundi: mukianza posti, angalieni nyaya za udongo kwa macho kabla ya kuangalia kitu kingine.

Turudi kiwandani. Tangu usiku ule sijagusa kitu kwa kutumainia mufuko wangu. Leo kila fundi ana kadena yake mwenyewe, yenye jina lake na ufunguo moja tu. Unakata umeme, unatia kadena kwenye dijontere ili mutu asiweze kuifunga, unatundika kibao chenye jina na saa, unaandika katika buku, na unamwambia mutu wa chumba cha kuongoza kwa mudomo. Watu watano wakifanya kazi kwenye mashine moja, ni kadena tano, katika kishikio kimoja cha chuma chenye matundu. Musaidizi naye anatia yake. Zamani tulisema kadena ya shefu inatosha kwa wote. Kijana wangu angekuwa na kadena yake, yule fundi mwingine angekuta chuma kimefungwa, angerudi nyuma na kuuliza.

Halafu unapima. Hapa ndipo mafundi wenye ujuzi mwingi wanapokosea, kwa sababu wanaona aibu kupima kitu ambacho wamekikata wenyewe. Lakini nani alikuambia kwamba dijontere uliyofungua ni ya motere hii? Maandiko katika kabine za zamani yamefutika, pengine mashine ilibadilishwa na hakuna aliyeandika. Basi unajaribu kipimo chako kwanza pahali penye moto, uone kinasema kweli. Unapima nyaya zako, zote tatu, kati yao na kati ya kila moja na udongo. Kisha unarudi pahali penye moto kujaribu kipimo mara ya pili, kwa sababu kipimo kilichokufa na waya uliokufa vinasema neno moja. Kwenye umeme mukubwa unaongeza kufunga nyaya pamoja na kuziunganisha na udongo, ili kama mutu akiwasha kwa makosa, umeme uende chini na dijontere ikate.

Mambo mawili yanasahauliwa. Makondansatere, yale makopo yanayosaidia motere, yanaweka umeme ndani yao hata baada ya kukata. Ngoja dakika tano au zaidi, kama ilivyoandikwa juu yake, pima, kisha yaunganishe na udongo. La pili ni gurupu za mazuti. Miaka hii umeme unakosekana mara kwa mara na viwanda vingi vina gurupu zinazowaka zenyewe. Fundi anakata upande wa laini, anaona taa zimezimika, anaanza kazi. Sekunde chache baadaye gurupu inaamka na kuleta moto kutoka upande mwingine. Kadena ya upande moja haitoshi. Na ninyi wenye gurupu ndogo nyumbani, musiichomeke katika plagi ya ukuta bila kutenga laini: umeme wako unapanda kwenye transfo ya mutaa, unakuwa mukubwa, na juu ya nguzo kuna fundi aliyeambiwa kwamba laini imekatwa.

Mashefu wa uzalishaji wananiambia kwamba kadena zinachelewesha kazi. Ndiyo, zinachelewesha. Sitawadanganya. Kazi ya dakika ishirini inakuwa ya dakika arobaini, na tani zinapotea. Tunaweza kugombana juu ya hilo muchana, katika biro, na karatasi mezani. Usiku, mbele ya dijontere, hatugombani.

Nitaeleza jambo moja lililotupata miaka iliyopita, ili muone namna amri ya kadena inavyokwenda. Ilikuwa saa tano za usiku, kazi ya mukanda wa mawe imekwisha, watu wote wametoa kadena zao isipokuwa moja. Mwenyewe alikuwa wa posti ya muchana, alikwenda nyumbani na kuisahau. Shefu wa uzalishaji alitaka tuikate na msumeno. Tulisema: kwanza tujue kama mutu huyo yuko wapi. Tulitembea mukanda wote na taa za mukono, chini na juu, tukiita jina lake. Hakuwa huko. Nikachukua gari kwenda nyumbani kwake. Bibi yake alifungua mulango amekasirika, akafikiri tunamuita mume wake kufanya kazi tena. Mume alitoka akijikuna macho, akatafuta ufunguo katika kila mufuko, hakuuona. Bibi ndiye aliyeuliza: "Salopeti ya leo?" Ilikuwa katika beseni, ndani ya maji na sabuni. Aliingiza mukono, akautoa ufunguo, akanipa mimi.

"Hapana, mama," nikamwambia, "si mimi. Yeye."

Akavaa viatu, tukaenda naye kiwandani, akafungua kadena yake kwa mukono wake. Mukanda ulikuwa umesimama dakika tisini. Shefu wa uzalishaji alinung'unika mpaka asubuhi.